Nilisilimu ili Niolewe, Mbona Moyo Haufunguki?

SWALI

Assalaam alaykum Bi Mwalimu,

Naandika usiku, watoto wamelala. Mume wangu yuko barabarani. Anaendesha lori la mizigo kutoka Kampala kwenda Juba, na kwa mwezi tunamwona siku tano, sita. Lori lenyewe linapita hapa hapa Bombo, mji wetu hapa Uganda, safari nyingine anapiga honi tu, hasimami.

Mimi ni Muganda wa upande wa Masaka, ila nimekulia kwenye kambi za jeshi kwa kuwa baba alikuwa askari, ndiyo maana Kiswahili kinanitoka kuliko Luganda. Kwetu ni Wakatoliki hasa. Kila mwaka ikikaribia tarehe 3 Juni, siku ya kuwakumbuka mashahidi wa Kikristo, baba alikwenda Namugongo kwa miguu, hata alipoanza kuumwa goti.

Miaka sita iliyopita niliolewa na Mnubi, na Wanubi ni Waislamu. Siku tatu kabla ya nikaha niliitwa sebuleni, nikatamkishwa shahada mbele ya wazee, nikapewa jina jipya, mtandio mweupe na kijitabu cha kufundishia swala. Niliambiwa bila hivyo hakuna ndoa. Sikushikiwa fimbo, nilimpenda mwenyewe na nilikubali. Lakini baada ya siku ile hakuna aliyenifundisha kitu. Kijitabu nimekisoma mpaka kimechanika.

Naswali swala tano. Nafunga. Nimehifadhi Fatiha na sura nne fupi. Na sisikii chochote, Bi Mwalimu. Ramadhani iliyopita mwanamke aliyesimama ubavuni mwangu kwenye tarawehe alikuwa analia mpaka mabega yanatikisika, na mimi nahesabu rakaa zilizobaki na kuwaza floti, yaani pesa za mtaji, ya kibanda changu cha kutuma pesa kwa simu.

Mama mkwe si mtu mbaya. Nilipojifungua wa pili alinikanda kwa maji moto siku arobaini, mama yangu mzazi asingefanya zaidi. Lakini ana neno lake, na hulisema hata mbele ya wageni, kama mtu anayesema leo kuna jua: "Mungu humwongoa amtakaye. Huyu wetu bado hajatakwa."

Novemba mwaka jana baba alifariki. Mama mkwe akaniambia kanisani nisiingie, makaburini nisikaribie, na nisimlilie kwa sababu amekufa nje ya Uislamu. Mume wangu alikuwa Juba, simu haishiki. Nilisimama chini ya mwembe kando ya barabara mpaka watu wakaanza kurudi. Sikuliona jeneza likishuka. Tangu siku ile hata kile kidogo nilichokuwa nakisikia kwenye sijda kimekauka.

Nataka kujua mambo matatu. Kama Mungu ndiye anayechagua wa kumwongoa na mimi sikuchaguliwa, alfajiri najiamshia nini? Je, mimi ni mnafiki? Halafu mama. Amebaki peke yake. Nikienda humwita jirani Mwislamu aje achinje kuku ili nami nile, lakini mama mkwe anasema safari hizo ndizo zinazoniziba moyo. Niache kwenda?

Mke wa dereva, Bombo

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifuata mpangilio wako: hidaya, yaani uongofu, mbele, unafiki katikati, mama nyuma kabisa, kama mgeni anayetaja shida yake akiwa ameshavaa viatu. Mara ya pili niliisoma kutoka chini kwenda juu, na naona huko ndiko ilikoanzia. Kwa hiyo nianze na baba yako.

Pole, mwanangu. Pole sana. Nahisi miezi yote hii umepewa hukumu nyingi na pole chache.

Aya anayoisoma mama mkwe ni ya 56 katika Surat al-Qasas, na ina kisa chake. Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi za Mtume, wamepokea kwamba Abu Talib, ami yake Mtume (s.a.w.), yule aliyemlea na kumkinga na Makureshi miaka na miaka, alipokuwa anakata roho Mtume alikwenda akakaa naye, akimwomba atamke neno moja tu ambalo angemtetea nalo mbele ya Mungu. Abu Jahl naye alikuwepo, anamuuliza mzee kama kweli ataiacha mila ya Abdul Muttalib. Mzee akafa juu ya mila ya baba yake. Hapo ndipo aya iliposhuka: wewe humwongoi umpendaye, lakini Mwenyezi Mungu humwongoa amtakaye. Umpendaye! Mtume hakuambiwa alikosea kumpenda. Alituliwa mzigo ambao haukuwa wake kuubeba. Anayeichukua aya hiyo leo akamgongea nayo mfiwa ameshika jembe kwa upande wa chuma.

Na habari ya Abu Talib haikuishia hapo. Ali, mwanawe, alipomjia Mtume kumweleza kwamba mzee amefariki, jibu alilopewa, kama alivyopokea Abu Dawud, ni: nenda ukamzike baba yako. Sasa rudi chini ya ule mwembe, mwanangu, uyasikie maneno hayo ukiwa umesimama pale.

Kuna na Abwa, njiani kati ya Makka na Madina, alipozikwa Bi Amina mama yake Mtume. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba alilizuru kaburi hilo akalia, na waliokuwa naye wakalia. Hadithi hii nakupa yote, sikupi nusu, maana wewe ni mtu mzima: aliomba ruhusa ya kumwombea msamaha, hakupewa, akaomba ruhusa ya kuzuru, akapewa. Kwa hiyo kumwombea maghufira aliyekufa nje ya Uislamu tumezuiwa. Kumlilia na kusimama kwenye kaburi lake hatukuzuiwa. Hesabu ya baba yako iko kwa Mwadilifu anayejua kila hatua aliyotembea na lile goti, na mimi na mama mkwe wako hatujaajiriwa kuwa makarani wa hesabu hiyo.

Kuhusu misa yenyewe, kuingia katika ibada ya dini nyingine na kuishiriki, masheikh wanakataza, na hapo mama mkwe hakukosea. Lakini kuna misa na kuna maziko. Kumshika mama yako mkono, kuliona jeneza likishuka, machozi, hayo hukustahili kunyimwa. Mtume aliposimama jeneza la Myahudi likipita, watu wakamwambia huyo ni Myahudi. Akawauliza: je, si nafsi?

Ndiyo maana nasita kukubali kwamba moyo wako umekufa. Qurani ina neno la moyo uliozibwa, liko katika Surat al-Mutaffifin aya ya 14: yale waliyokuwa wakiyachuma yamefanya kutu juu ya mioyo yao. Wanaozungumzwa pale ni watu wanaosomewa aya wakasema hizi ni hekaya za kale. Hawaulizi. Hawana haja ya kuuliza. Mtu mwenye kutu ya namna ile hakai usiku na kalamu akiulizia kutu yake. Wewe unaumwa, na kilichonyamaza ndani yako ni kilio ulichokatazwa kukitoa. Huzuni iliyozuiwa mlangoni haiendi kwao. Inakaa pale pale, na kila kingine kinachotaka kupita, hata utamu wa sijda, kinaikuta imeziba njia.

Haya, tuje kwenye kuchaguliwa.

"Amtakaye" ni neno la kweli, silipunguzi. Lakini Qurani hujifafanua yenyewe kwa yenyewe. Fungua Surat ar-Ra'd aya ya 27, utaona neno hilo hilo la kutaka, kisha linafuatiwa na hili: na humwongoa kwake mwenye kurejea. Surat ash-Shura aya ya 13 hali kadhalika, humwongoa kwake arejeaye. Kumbe kutaka kwake Mola hakuendi kama kura ya bahati nasibu. Kunamwelekea mtu ambaye amegeuka uso. Ukitaka upande wa pili, soma habari ya Thamud, watu wa kale, katika Surat Fussilat, aya ya 17: tuliwaongoza, wakapendelea upofu kuliko uongofu. Walionyeshwa, wakakataa.

Walimu wetu husema hidaya ni mbili. Kuna ya kuonyesha njia, hii anaweza Mtume, anaweza mwalimu, unaweza hata wewe. Na kuna ya kuwezeshwa kuifuata, tunayoiita tawfiki, nayo ni ya Mungu peke yake. Akisimama mgeni hapo Bombo akuulize njia ya Luweero, utamnyooshea kidole kuelekea kaskazini; miguu huwezi kumpa. Mama mkwe wako anaizungumzia ile ya pili ambayo haiko mikononi mwake, na ile ya kwanza ambayo iko mikononi mwake hajakupa. Wala si yeye peke yake. Ni sisi sote. Nimefundisha darasa la akina mama miaka mingi, na nimehudhuria shahada za aina yako zaidi ya ninavyoweza kuzihesabu. Tunapiga takbiri, tunagawa jina na mtandio, tunakula pilau, kesho yake hakuna anayebisha hodi kumuuliza yule binti ameelewa nini. Halafu baada ya miaka sita tunashangaa kwa nini moyo haujafunguka. Ungefunguka kwa kijitabu?

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Jubayr bin Mut'im alikwenda Madina baada ya vita vya Badr kwa ajili ya mateka. Alikuwa mshirikina, tena ametoka upande wa adui. Akamkuta Mtume anaswalisha Magharibi kwa Surat at-Tur. Zilipofikiwa aya zinazouliza: je, wameumbwa bila ya kitu, au wao ndio waumbaji? Jubayr anasema moyo wake ulikaribia kuruka. Iko katika Bukhari. Kwa nini uliruka? Mimi nadhani, pamoja na rehema ya Mungu, ni kwa sababu aliyasikia maneno na akayaelewa. Alikuwa Mkureshi. Swali lilimwingia kwa lugha aliyonyonya nayo. Wewe umesimama miaka sita mbele ya maneno hayo hayo na hakuna aliyekufungulia hata moja. Usijilinganishe na moyo wa mtu aliyekuwa anaelewa. Kwanza elewa.

Na usisahau kwamba hata Jubayr, moyo uliporuka siku ile, hakusilimu siku ile. Ilipita miaka. Kwake moyo ulitangulia na shahada ikaja nyuma. Kwako shahada imetangulia. Sijaona aya inayosema lazima vije kwa mpangilio mmoja.

Neno "bado" la mama mkwe, kwa bahati, limo ndani ya Qurani. Mabedui walimwambia Mtume: tumeamini. Wakajibiwa katika Surat al-Hujurat aya ya 14: semeni tumesilimu, kwani imani bado haijaingia mioyoni mwenu. Kiarabu cha pale kinatumia "lamma", na waliosoma nahau watakwambia "lamma" ni "bado" ya kitu kinachosubiriwa, kama unavyosema mgeni bado hajafika huku maji ya chai yako jikoni. Kisha aya inaendelea, na hapa ndipo wengi wanaponyamaza: mkimtii Mwenyezi Mungu na Mtume wake, hatawapunguzia chochote katika vitendo vyenu. Chochote. Zile alfajiri za miaka sita, zile swaumu, ule usiku wa kuhesabu rakaa, havikupotea. Mnafiki huonyesha imani ili watu wamwone, na moyoni anaikataa. Wewe unaswali peke yako chumbani, mume yuko Juba, mama mkwe amelala. Unamwonyesha nani?

Hanzala, sahaba na mwandishi wa Mtume, naye alijishuku hivyo hivyo. Alikutana na Abu Bakr njiani akamwambia: Hanzala amekuwa mnafiki! Tukiwa kwa Mtume tunaiona Pepo na Moto kama kwa macho, tukirudi kwa wake na watoto na mashamba yetu tunasahau. Abu Bakr, na ni Abu Bakr huyo, akamwambia hata mimi hunipata. Wakaenda wote wawili. Mtume akawaambia kwamba lau wangedumu katika hali ile, malaika wangewapa mikono vitandani na njiani, lakini, ewe Hanzala, kuna saa na saa. Wao walisumbuliwa na mashamba. Wewe una floti. Na yule aliyekuwa akilia ubavuni mwako, sijui alikuwa analia nini. Huenda ni khushui, unyenyekevu wa swala, huenda na yeye alifiwa.

Kuna hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari iliyo katika Bukhari na Muslim ambayo kwa mtu anayekaa nchi ya mananasi haihitaji tafsiri ndefu. Mtume alifananisha uongofu na elimu aliyotumwa nayo na mvua kubwa iliyoangukia ardhi za namna tatu. Moja nzuri, ikanywa maji ikaotesha majani mengi. Ya pili ngumu, haikuotesha, lakini iliyashika maji, na watu wakanywa, wakanywesha wanyama, wakalima. Ya tatu tambarare tupu, haikushika wala haikuotesha.

Kila nikiisoma, hiyo ya pili hunirudisha kwenye historia ya hapa kwetu. Kabaka Mutesa I, mfalme wa Buganda, alianza kufunga Ramadhani mwaka 1867, akaendelea karibu miaka kumi, akaamuru misikiti ijengwe, vijana wa ikulu wakasomeshwa dini. Kutahiriwa alikataa, kwa kuwa mila haikuruhusu damu ya Kabaka imwagike. Kisha vijana wale wale walioipata dini kwenye ua wake wakaishika kwa uzito kumzidi, wakakataa nyama ya ikulu kwa sababu haikuchinjwa Kiislamu, na mwaka 1876 akaamuru wauawe. Waliuawa Namugongo. Ndiyo, Namugongo ile ile ya baba yako, miaka kumi kabla ya mashahidi wa Kikristo wanaokumbukwa tarehe 3 Juni. Moyo wa Mutesa ulikuwa na nini, anajua aliyeuumba. Lakini maji yalipita kwake na watu wakanywa.

Na mama mkwe aliyekukanda siku arobaini kwa maji moto ana maji ya kukunywesha, hata kama maneno yake ni changarawe. Na wewe ni ardhi ipi? Sijui, wala wewe hujui, na hakuna mkulima wa Luweero anayelihukumu shamba kabla hajalilima. Nanasi lenyewe hukaa ardhini mwaka na zaidi ndipo lizae.

Kulima kwako kuanzie kwenye Fatiha. Katika swala za faradhi unaisoma mara 17 kwa siku. Mara 17 unaomba: ihdina, tuongoe. Unaliomba jambo hilo hilo unalolililia kwenye barua, na hukujua kwamba unaliomba. Wiki hii usijifunze sura mpya. Chukua "ihdina" peke yake. Ukifika hapo, simama kidogo, useme moyoni kwa Kiswahili, au kwa Luganda ya baba yako, unachokitaka. Wiki ijayo chukua neno jingine. Katika Hadithi Qudsi, maneno ya Mola kwa ulimi wa Mtume, aliyoipokea Abu Dharr, Mola anasema: enyi waja wangu, nyote mmepotea isipokuwa niliyemwongoa, basi niombeni uongofu nitawaongoa. Nyote, amesema. Na aliyezaliwa kwenye nyumba ya mahaji yumo. Bi Umm Salama, mke wa Mtume, aliulizwa ni dua gani Mtume aliizidisha akiwa kwake, akasema: ewe Mwenye kugeuza nyoyo, uthibitishe moyo wangu juu ya dini yako. Kama yeye aliiomba kila mara, sioni nani kati yetu wa kujiona ameshafika.

Tafuta na mwalimu, mwanamke, mwenye subira. Bombo hakukosi. Ukimpata mmoja anayekubali kuulizwa maswali ya kijinga bila kucheka, mshike.

Sasa ndoa. Ulichoambiwa, kwamba bila shahada hakuna ndoa, kisheria si sahihi. Surat al-Maida aya ya 5 imewahalalishia wanaume wa Kiislamu kuwaoa wanawake wema wa waliopewa Kitabu, na "hakuna kulazimishana katika dini" iko al-Baqara 256. Ungeweza kuolewa ukiwa Mkatoliki. Nakuambia si kukurudisha nyuma, bali kwa sababu hutaipenda dini ukidhani ilikuja kama risiti ya harusi. Shahada yako ni sahihi, tunahukumu kwa dhahiri. Lakini siku moja, ukiwa tayari, bila wazee na bila mtandio mpya, itamke tena peke yako. Itamke kwa sababu unaitaka.

Na kuingia kwa mlango wa ndoa si aibu. Abu Talha alipomposa Umm Sulaym alikuwa bado mshirikina. Bibi akamwambia: mtu kama wewe hakataliwi, lakini wewe si Mwislamu na mimi ni Mwislamu, ukisilimu, huo ndio mahari yangu, sitaki kingine. Akasilimu, akaoa. Mtu huyo aliyeingia kwa posa ndiye aliyemkinga Mtume kwa kifua chake siku ya Uhud, na ndiye aliyetoa bustani yake ya Bayruha, mali aliyoipenda kuliko zote, iliposhuka aya ya kutoa mnavyovipenda. Hata wazee wa Wanubi, ukifuatilia, ni wajukuu wa askari waliotolewa Sudan ya kusini wakaingizwa katika jeshi la Misri, Lugard, ofisa wa Kiingereza, akawaleta Uganda mwaka 1891, na wengi wao Uislamu waliukuta kambini. Kambi, posa, ugonjwa, rafiki. Milango ni mingi. (Hilo la kambi usimwambie mama mkwe kwamba umelitoa kwangu. Siku ukizoeana naye zaidi, mwulize akusimulie mwenyewe babu zake walivyosilimu. Wazee hupenda kuulizwa.)

Usibishane naye kwa aya. Wa kumwambia ni mwanawe. Mumeo akipita tena na lile lori, safari hii asimame. Mpe barua yako aisome, ile sehemu ya mwembe hasa, kisha yeye ndiye akakae na mama yake. Mwanaume anayemwacha mkewe asikie "hajatakwa" mbele ya wageni miaka sita ana sehemu yake katika ukavu huo, hata kama yuko barabarani akitafuta riziki ya halali.

Na mama yako, nenda. Asma bint Abi Bakr alijiwa na mama yake mshirikina, akamuuliza Mtume kama amtendee wema. Akaambiwa ndiyo, uunge udugu na mama yako. Surat Luqman aya ya 15 inawazungumzia hata wazazi wanaokushindania umshirikishe Mungu: usiwatii katika hilo, na ukae nao duniani kwa wema. Wako hakushindanii chochote. Anatafuta mchinjaji. Mama Mkatoliki anayekwenda kwa jirani kumwomba aje amchinjie kuku ili binti yake Mwislamu ale kwa raha. Ukiniuliza mimi, hakuna anayekulindia dini yako kwa vitendo kumpita yeye.

Usimhubirie. Kumwombea hidaya akiwa hai ruhusa unayo. Abu Hurayra alimwombea mama yake, akamwendea Mtume akilia ili naye amwombee, na aliporudi nyumbani akasikia maji yanamwagika nyuma ya mlango, mama anaoga ili atamke shahada. Lakini hiyo ni kazi ya kwenye mswala. Ukifika Masaka, wewe ni binti tu.

Nenda kabla mvua hazijaharibu barabara ya kijijini, na umchukue mtoto mkubwa. Mwombe mama yako akupeleke kwenye kaburi. Usimame pale ambapo hukusimama, na ukijikuta unalia, lia mpaka kiishe. Kisha mrudi mle kuku. Ukifika Bombo niandikie, unieleze Fatiha umefika neno la ngapi.